Makaa Haya Yaende Mekoni au Shambani?

Wahenga walinena kwamba moto hauzai moto, huzaa jivu. Aghalabu methali hii hutolewa pale ambapo mwana wa shujaa ametokea kuwa goigoi, au mtoto wa msomi ameikataa kalamu. Mwanafunzi wa fasihi simulizi huifafanua kama sitiari, akaandika maana ya juu na maana ya ndani, kisha akaendelea na methali nyingine. Hata hivyo, kabla haijawa sitiari, methali hii ilikuwa maelezo ya jambo ambalo kila mpishi aliliona mekoni: ukuni ukiachwa uwake kwa hewa tele, mwishowe hubaki jivu jepesi linalopeperushwa na upepo. Kile ambacho methali haikukisema ni kwamba moto ukinyimwa hewa hauzai jivu, bali huzaa makaa. Tofauti hii ya hewa tele na hewa haba imewashughulisha wataalamu wa udongo kwa zaidi ya miongo miwili, nao wameifuata kutoka misitu ya Amazoni hadi mashamba ya Vihiga, Siaya, Embu na Kwale.

Wataalamu hao huyaita makaa yanayokusudiwa kutiwa shambani bayocha. Hutengenezwa kwa kuchoma mabaki ya mimea, kama vile magunzi ya mahindi, vifuu vya nazi, makapi ya mpunga na matawi yaliyopogolewa, katika joto la takriban nyuzi 350 hadi 700 za selsiasi, huku hewa ikizuiwa. Mmea ukioza juu ya ardhi, sehemu kubwa ya kaboni yake hurudi angani katika muda wa miaka michache. Ukigeuzwa makaa kwanza, sehemu kubwa ya kaboni inayosalia hukaa udongoni kwa mamia ya miaka, na pengine zaidi, kwa kuwa vijiumbe vya udongoni huyatafuna makaa kwa shida mno. Aidha, kipande cha makaa kimejaa vijitundu visivyoonekana kwa macho. Humo maji huhifadhika, vijiumbe hupata makao, na kadiri makaa yanavyozeeka, ndivyo nyuso zake zinavyozidi kuwa na uwezo wa kuvishika virutubishi ambavyo vingeoshwa na mvua. Zaidi ya hayo, makaa mengi hupunguza ukali wa udongo wenye asidi.

Yafaa ieleweke mapema kwamba bayocha yenyewe si chakula kingi cha mmea. Ni ghala zaidi kuliko nafaka. Mtu aliyejenga ghala asitie kitu ndani hana haki ya kuilaumu njaa. Makaa mapya yasiyochanganywa na chochote yanaweza hata kuinyakua nitrojeni iliyokuwamo udongoni na kuuacha mche ukigeuka manjano kwa muda. Ndiyo maana utafiti wa bayocha hauwezi kutenganishwa na utafiti mwingine ulio mkongwe zaidi, nao ni ule wa kuvirudisha virutubishi vilikotoka.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii, ambayo wenye maduka huibandika ukutani, inaufaa udongo kuliko duka. Mwaka wa 1990, watafiti Stoorvogel na Smaling waliufungulia daftari udongo wa Afrika iliyo kusini mwa Sahara. Walihesabu kinachoingia shambani na kinachotoka: mavuno, mabua yanayolishwa mifugo, mmomonyoko, na virutubishi vinavyozama chini kwa mvua. Makadirio yaliyotokana na kazi hiyo, ambayo baadaye yalienezwa sana na Pedro Sanchez, aliyekuwa mkurugenzi wa kituo cha utafiti wa kilimo-misitu cha ICRAF jijini Nairobi, yanasema kwamba katika nchi 37 za Afrika kila hekta ilipoteza kwa wastani kilo 22 za nitrojeni, kilo 2.5 za fosforasi na kilo 15 za potasiamu kila mwaka, kwa muda wa miaka 30. Mfuko mmoja wa mbolea ya yurea wa kilo 50 una kilo 23 za nitrojeni. Kwa hivyo ni kana kwamba kila msimu wa mwaka ulipotimia, mtu asiyeonekana alikuja akabeba mfuko mmoja mzima kutoka katika kila hekta, akaondoka nao, na asirudi ila mwaka uliofuata kuuchukua mwingine. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Magharibi mwa Kenya ndiko hesabu hii inakoonekana kwa macho. Katika sensa ya mwaka wa 2019, Kaunti ya Vihiga ilikuwa na watu 590,013, yaani zaidi ya watu 1,000 katika kila kilomita ya mraba. Shamba la babu limegawiwa wana, likagawiwa wajukuu, na kila kipande hulimwa misimu miwili kwa mwaka bila kupumzishwa. Udongo wenyewe ni mwekundu, wenye chuma na alumini nyingi, na metali hizo huishika fosforasi kwa nguvu hata ile iliyotiwa na mkulima isiufikie mzizi. Wazee wanaokumbuka mahindi ya ujana wao hawadanganywi na kumbukumbu. Mwanasayansi Mkenya James Kimetu, akishirikiana na Johannes Lehmann wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani na wengineo, alichunguza mashamba yaliyo pembezoni mwa misitu ya Kakamega na Nandi. Baadhi yalikuwa yamekatwa kutoka msituni miaka michache tu kabla ya utafiti, na mengine zaidi ya miaka 100. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2008 yalionyesha kuwa mavuno huporomoka katika miongo ya mwanzo ya kulima, kisha hubaki chini. Watafiti hao walitia mashambani vitu mbalimbali, yakiwemo majani ya tithonia, samadi, vumbi la mbao na makaa. Katika mashamba makongwe zaidi yaliyochoka, makaa yaliongeza mavuno takribani maradufu, na ongezeko hilo halikuweza kuelezwa kwa virutubishi peke yake. Udongo ulikuwa umerudishiwa kitu kingine: uwezo wa kushika.

Je, watafiti hawa wamegundua jambo jipya? La hasha. Mwaka wa 1542 Mhispania Francisco de Orellana aliteremka mto Amazoni, na msafara wake ukasimulia habari za makazi makubwa ya watu kandokando ya mto. Kwa karne nyingi simulizi hizo zilidharauliwa, kwa sababu udongo wa eneo hilo ulijulikana kuwa dhaifu usioweza kuwalisha watu wengi. Lakini humo humo msituni mna mabaka ya udongo mweusi wenye rutuba, ambao Wareno waliuita terra preta, yaani udongo mweusi. Mtaalamu Mholanzi Wim Sombroek aliueleza kwa kina katika kitabu chake cha mwaka wa 1966. Ndani yake mna makaa, vigae, mifupa, masalia ya samaki na majivu. Mabaka hayo yaliumbwa na mikono ya watu waliotupa taka zao mahali pamoja, kizazi baada ya kizazi, na mengi yana umri unaozidi miaka 500.

Afrika nayo haikuwa nyuma. Mwaka wa 2016 James Fairhead, Melissa Leach, Dawit Solomon, Lehmann na wenzao walichapisha utafiti kuhusu udongo mweusi wa vijiji vya Liberia na Ghana. Baadhi ya mabaka waliyoyapima yana umri wa hadi karibu miaka 700, na yana kaboni nyingi mara kadhaa kuliko udongo wa jirani. Walioyatengeneza, kwa sehemu kubwa, ni wanawake. Jivu na makaa ya mekoni, mabaki ya kukamua mawese, mifupa, na masalia ya kazi ya kutengeneza sabuni vilimwagwa nyuma ya nyumba, na hapo pakawa bustani. Mwenyeji anajua vizuri kwamba udongo ule haukushuka kutoka mbinguni. Ulipikwa.

Hapa mwanafunzi wa Kiswahili ana haki ya kutabasamu, kwa maana lugha yake imeyahifadhi maarifa haya bila yeye kutambua. Ni nani katika shule za Kenya ambaye hakuwahi kuandika katika insha kwamba mhusika fulani alikuwa amezama katika biwi la simanzi? Lakini ni wangapi waliowahi kujiuliza biwi ni nini? Biwi ni lundo la takataka na magugu, hasa linalokusanywa kondeni likangojea kuchomwa au kuoza. Mkulima aliyelipa jina lundo hilo alikuwa na shughuli nalo. Vivyo hivyo neno jaa. Leo jaa ni mahali pa kutupa kisichotakiwa, na kumwambia mtu kwamba wake ni jaani ni kumtukana. Hata hivyo, kila aliyekulia kijijini anajua kwamba boga lililoota lenyewe pale jaani, bila kupandwa wala kupaliliwa, huwa kubwa kuliko maboga ya kondeni. Lugha imebaki na maneno haya, lakini wengi wa wasemaji wake wameachwa na simanzi, biwi likasahaulika.

Wachoma makaa nao waliona. Mwaka wa 2004 watafiti waliofanya kazi katika eneo la Ejura nchini Ghana walilinganisha mahindi yaliyopandwa mahali palipokuwa na matanuri ya makaa na yale yaliyopandwa kando yake. Mahali pa matanuri palitoa nafaka asilimia 91 zaidi. Si makaa peke yake yaliyofanya kazi hiyo, kwa kuwa joto na jivu vilikuwa na sehemu yao. Hata hivyo, jambo lenyewe lilikuwa wazi kwa yeyote aliyepita hapo na macho yake.

Hapa nchini, jaribio moja la muda mrefu limeondoa shaka iliyokuwapo kuhusu kudumu kwa faida hii. Thomas Kätterer wa Sweden na wenzake walichapisha mwaka wa 2019 matokeo ya miaka 10 ya kupanda mahindi na soya kwa zamu katika maeneo ya Kenya yenye mvua ya wastani. Makaa yalitiwa mwanzoni tu, lakini mavuno yaliendelea kuwa juu mwaka baada ya mwaka, katika vipande vilivyowekwa mbolea na katika visivyowekwa. Habari hii ni njema. Hata hivyo, kiasi kilichotumiwa kilikuwa kikubwa mno, makumi ya tani kwa hekta. Na tufanye hesabu rahisi. Tuseme jamaa moja hutumia kilo 3 za kuni kwa siku katika jiko linaloacha makaa, na sehemu moja katika tano ya kuni hizo hubaki kuwa makaa. Hizo ni gramu 600 kwa siku, au kilo 219 kwa mwaka. Kupata tani 50 za hekta moja, jamaa hiyo ingepika kwa zaidi ya miaka 220. Ikiwa elimu itakayofikishwa kijijini ni hiyo tu, basi mkulima ana haki ya kuwashukuru wageni na kurudi kwenye jembe lake.

Kwa bahati nzuri hesabu haikuishia hapo. Mwaka wa 2015 Hans-Peter Schmidt na wenzake walichapisha jaribio la maboga lililofanywa nchini Nepal. Walitumia kilo 750 tu za makaa kwa hekta, wakayalowesha kwa mkojo wa ng'ombe, wakayaweka karibu na mizizi badala ya kuyatawanya shambani kote. Maboga yaliyopata makaa yenye mkojo yalizaa zaidi ya mara nne ya yale yaliyopata mkojo peke yake, na asilimia 85 zaidi ya yale yaliyopata makaa peke yake. Ni zao moja, mahali pamoja, na haifai mtu alichukue jaribio hilo kama ahadi. Funzo lake ni la mbinu: ghala lijazwe kwanza, kisha liwekwe mlangoni mwa mwenye njaa. Kwa kipimo hicho, kilo 219 za jamaa yetu zingetosha kiasi cha robo hekta na ziada kidogo kwa mwaka. Kwa Vihiga, ambako wengi hawana hata nusu hekta, hilo si jambo dogo.

Vya kulijazia ghala hilo havikosekani. Tithonia, kile kichaka cha maua ya manjano na majani machungu kinachoota kandokando ya njia kote magharibi mwa Kenya, asili yake ni Meksiko na nchi za jirani yake. Kilipandwa kuwa ua tu. Watafiti wa kilimo-misitu walipoyapima majani yake makavu walikuta yana nitrojeni takriban asilimia 3.5, fosforasi asilimia 0.37 na potasiamu asilimia 4.1. Samadi nayo ipo, ingawa mara nyingi hunyeshewa na kuchomwa na jua hadi nitrojeni yake ikapaa. Kuna pia kile ambacho adabu huzuia kutajwa. Mtu mzima hutoa takriban lita 500 za mkojo kwa mwaka, na sehemu kubwa ya nitrojeni inayotoka mwilini hutokea humo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka wa 2006 unaeleza kwamba mkojo uliotengwa na kinyesi, ukahifadhiwa katika chombo kilichofungwa kwa miezi 6 katika joto la nyuzi 20 au zaidi, unaweza kutumiwa kwa mazao yote. Kiswahili husema haja ndogo, na tafsida hiyo ina kazi yake njema barazani. Lakini afisa wa kilimo anayeficha kila kitu ndani ya tafsida hatamfunza mtu kiasi, muda wala tahadhari. Lugha itakayofaa hapa ni ile isiyomwaibisha mzee na isiyomficha ukweli, na kuitafuta ni kazi ya mwanaisimu kama ilivyo kazi ya mwanasayansi.

Kurudisha kilichotoka si hekima ya kijijini tu. Hata miamba ya fosfeti ya Minjingu, karibu na Ziwa Manyara nchini Tanzania, ambayo kwa miaka mingi imesagwa kuwa mbolea na kujaribiwa hata katika mashamba ya magharibi mwa Kenya, chimbuko lake ni mavi na mifupa ya ndege waliokuwa wakiishi katika ziwa la kale. Ndege walikula samaki wa ziwani, wakaacha hazina ufukoni. Binadamu wa leo hufanya kinyume. Mahindi, ndizi na mboga hutoka Vihiga na Kirinyaga zikaenda Nairobi, na kilichomo ndani yake kikaishia vyooni, katika mito na katika majaa ya jiji. Shamba hubaki na deni, mto ukabaki na uchafu. Bei ya mbolea ya kigeni ilipopanda mwaka wa 2022 baada ya vita vya Ukraine kuzuka, mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia uliuzwa nchini kwa zaidi ya shilingi 6,000. Serikali iliingilia kati kwa ruzuku, na mwaka wa 2023 bei ya ruzuku ikawa shilingi 2,500. Mwaka wa 2024 viongozi wa Afrika walikutana Nairobi na kuazimia kuongeza uzalishaji na usambazaji wa mbolea barani mara tatu katika miaka 10, pamoja na kuufufua udongo uliochakaa. Maazimio hayo mawili yanategemeana. Mbolea inayomwagwa katika udongo usioweza kushika ni maji katika pakacha.

Hata hivyo, ugumu mkubwa wa jambo hili hauko katika kemia. Uko mekoni. Katika mwongo uliopita watafiti wa Sweden, akiwemo Cecilia Sundberg, walishirikiana na Mary Njenga wa ICRAF na wenzao wa Kenya kuchunguza majiko ya gesi ya kuni katika kaunti kama Kwale na Embu. Jiko la aina hii huchoma gesi inayotoka kwenye kuni, hutoa moshi haba kuliko mafiga matatu, hupunguza kuni, na mwisho wa mapishi huacha makaa badala ya jivu. Kwa mtafiti, makaa hayo ni bayocha iliyo tayari. Kwa mama wa nyumbani, ni makaa. Anaweza kuyazima kwa maji, kuyahifadhi, na kuyapikia maharagwe jioni, au hata kumuuzia jirani.

Si vigumu kulikisia swali litakalomkabili mtafiti kijana anayebisha hodi huko Kwale. Atamwamkia mwenyeji, "Shikamoo, mama," naye ataitikia, "Marahaba, mwanangu, karibu kitako." Watazungumza habari za mvua na za watoto. Kisha kijana atayataja makaa na shamba, na mama atamtazama kwa upole: "Sasa mwanangu, makaa haya nikiyafukia, usiku nipikie nini?" Swali hili halijibiwi kwa jedwali. Faida ya kuyachoma makaa yaonekana jioni hiyo hiyo, ilhali faida ya kuyafukia yaonekana baada ya msimu, na pengine mvua isinyeshe. Mwenye njaa ya leo akiambiwa asubiri rutuba ya mwakani, anaombwa akopeshe, naye ndiye aliye maskini kuliko anayemwomba. Wapo wanaotoa jibu la soko la kaboni, kwamba wenye viwanda vya mbali wamlipe anayefukia makaa. Sheria ya Kenya kuhusu mabadiliko ya tabianchi, iliyorekebishwa mwaka wa 2023, inaagiza kwamba miradi ya kaboni inayotegemea ardhi itoe angalau asilimia 40 ya mapato yake ya mwaka uliotangulia kwa jamii. Ni hatua ya kutia moyo. Lakini mkataba huo ukiandikwa kwa lugha ambayo mama hawezi kuisoma, asilimia hiyo itabaki katika karatasi.

Pana hatari nyingine zisizofaa kufichwa. Bayocha ikigeuka biashara kubwa, misitu inaweza kukatwa ili ifukiwe, na huko ni kubomoa nyumba ili upate matofali ya kuikarabati. Makaa yanayofaa shamba ni yale yatokanayo na mabaki. Isitoshe, si kila udongo unaoyahitaji. Uchanganuzi uliochapishwa na Simon Jeffery na wenzake mwaka wa 2017, uliokusanya matokeo ya majaribio mengi duniani, ulionyesha kuwa bayocha iliongeza mavuno kwa wastani wa asilimia 25 katika nchi za joto, lakini katika nchi za baridi haikuleta ongezeko. Basi hapa pana jambo la nadra: elimu ambayo manufaa yake makubwa yako kwetu, wala si kwa wanaoiandika.

Na inaandikwa kwa lugha gani? Makala takriban zote zilizotajwa hapa zimechapishwa kwa Kiingereza. Shamba lililopimwa liko Kenya, aliyelilima anasema Kiluhya, Kidholuo, Kiembu au Kidigo, akiwasiliana na mgeni kwa Kiswahili. Data hupanda ndege. Kinachorudi, kikirudi, ni kijikaratasi chenye istilahi zisizochunguzwa. Hata jina la kitu chenyewe halijatulia. Tukitohoa tukasema bayocha, tumepata neno lisilomwambia mkulima chochote. Tukisema makaa ya shambani, tumemwambia mengi, lakini tumelirudisha wazo lake mekoni, maana makaa katika Kiswahili ni kitu cha kuwashwa. Pengine sehemu ya tatizo la yule mama wa Kwale ni jina: hakuna afukiaye kitu ambacho jina lake ni moto. Tukisema mboji nyeusi, tumelielekeza wazo shambani, ila tumeficha kwamba kitu hiki hakiozi kama mboji. Kila njia ya kuunda istilahi ina gharama yake, na hukumu haifai kutolewa mezani bila kuwasikiliza wanaoshika jembe. Yamkini wapo wakulima ambao wamekwisha kukipa kitu hiki jina, na hakuna aliyewauliza.

Fasihi ya Kiswahili nayo ina deni. Imeandika mengi kuhusu ardhi, na kwa haki. Tangu tamthilia ya Alamin Mazrui, Kilio cha Haki, ya mwaka wa 1981, inayowaonyesha wafanyakazi katika shamba la mkoloni, hadi riwaya za baada yake, swali limekuwa ni nani mwenye ardhi, nani aliyenyang'anywa, nani anayevuja jasho kwa faida ya nani. Swali hilo halijaisha. Lakini ardhi ni hati na mipaka, ilhali udongo ni kitu chenye uhai, kinachoshiba na kuona njaa. Mtu anaweza kushinda kesi ya ardhi akakabidhiwa udongo uliokufa. Mirathi ya aina hiyo inaendelea kugawiwa magharibi mwa Kenya kila mwaka, na wanaoipokea ni vijana wa rika la wasomaji wa jarida hili, wengi wao wakiwa wamesomeshwa kwa mahindi ya mashamba hayo hayo.

Kwa hivyo kazi ipo, nayo haihitaji maabara. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu anaweza kukusanya msamiati wa udongo katika lugha za nyumbani na katika lahaja za pwani, kabla wanaoujua hawajazikwa nao. Mwanafunzi wa tafsiri anaweza kuichukua makala moja tu kuhusu mashamba ya Kakamega, akaiandika kwa Kiswahili ambacho mwenye shamba atakielewa, na kumpelekea. Mhadhiri anaweza kumwalika mwenzake wa kitivo cha kilimo katika semina, wakazozana kuhusu neno moja hadi jioni. Udongo uwahi ungali maji, walisema wafinyanzi. Ule wa Vihiga umekwisha kuanza kukauka, na mama wa Kwale bado anangojea kujibiwa kuhusu chakula cha usiku.